Huru si bure: nani ameshika ufunguo wa programu tunazotumia?

(Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wasomaji wa maktaba, wanafunzi wa chuo cha ufundi na wakazi waliohudhuria kikao cha Jumamosi katika ukumbi wa maktaba. Yamechapishwa jinsi yalivyotolewa, ila salamu za itifaki zimefupishwa.)



Niliombwa nizungumze kuhusu programu za tarakilishi. Nilipomwambia mama yangu hivyo aliniuliza, "Wewe ulisomea habari, hayo ya mashine umeyajulia wapi?" Ni swali la haki. Mimi si mhandisi. Nilisomea uanahabari, na kabla ya kuajiriwa na kaunti nilifanya kazi katika kituo kidogo cha redio. Huko redioni ndiko nilikofundishwa somo la leo, na karo yake niliilipa.

Kituo kilikuwa na maktaba ya sauti. Kwa miaka mingi watangazaji walikuwa wamewarekodi wazee wakieleza jinsi barabara ilivyochimbwa kwa mikono, majina ya vijito ambavyo siku hizi ni mitaro, na ugomvi wa mipaka ya mashamba tangu enzi za machifu wa kikoloni. Sauti hizo zilihifadhiwa kwa programu moja ya kulipia, tuliyouziwa na kampuni ambayo sitaitaja. Programu ile iliziweka faili kwa mtindo wake yenyewe, usiofunguka kwa programu nyingine yoyote. Siku moja leseni ikaisha. Tukapiga simu, nambari haipatikani. Kampuni ilikuwa imefunga biashara. Tarakilishi iko mezani, umeme upo, majina ya faili na tarehe zake tunayaona kwenye kioo, lakini hakuna inayofunguka. Miezi kadhaa baadaye kijana mmoja alikuja kuomba sauti ya nyanya yake aliyekuwa amefariki, waisikilize siku ya kumbukumbu. Nilimwonyesha jina la faili. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba mjadala wa programu huru ni wa Wazungu wenye ndevu wanaobishania mambo yasiyotuhusu, namwelewa. Ndevu ziko na ubishi uko. Ila mimi nilikaa mbele ya kijana yule.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Programu huandikwa na mtu, mstari kwa mstari, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine inakielewa lakini binadamu hawezi kukisoma. Ukinunua programu, mara nyingi unapewa hicho cha pili tu. Ni kama pampu ya kisima iliyochomelewa kifuniko. Maji inavuta, sawa, lakini ikikwama fundi wa kijijini hana pa kuingizia spana. Lazima aitwe mwenye pampu, na huenda mwenye pampu yuko ng'ambo, au ameshafunga duka.

Nitaanza na upande wa wanaofunga kifuniko, kwa sababu nao wana hoja. Februari 1976 kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa tarakilishi nchini Marekani. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza programu ya lugha ya BASIC kwa ajili ya mashine iliyoitwa Altair. Waliokuwa wakiitumia walikuwa wengi, waliolipia walikuwa wachache. Waliobaki walinakili tu utepe wa rafiki. Gates aliuita huo wizi, akauliza ni nani atakayeweza kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo. Mtu yeyote hapa aliyewahi kufanya kibarua asilipwe anaielewa hasira ile. Swali lake halijapata jibu moja hadi leo, na nitalirudia.

Miaka michache baadaye, katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, palikuwa na mtaalamu wa programu aitwaye Richard Stallman. Maabara ilikuwa na printa ya pamoja. Karatasi zilikwama mara kwa mara, na waliokaa vyumba vya mbali hawakujua mpaka wafunge safari kwenda kuchukua kazi zao. Stallman alikuwa ameiongezea printa ya zamani maagizo ya kuwajulisha watu kwamba imekwama, mtu aende akaikwamue. Kisha kampuni ya Xerox ikawapa printa mpya, ya kasi na nzuri, lakini bila msimbo. Nayo ikakwama. Stallman mwenyewe amesimulia kwamba alimwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo ule, akamwomba nakala. Yule akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa mtu.

Nani kati yetu hana kisa cha printa? Sisi wa ofisi za serikali tunavyo vya kujaza jarida zima. Lakini wengi wetu huipiga printa kofi tukaendelea na kazi. Stallman aliona hapo swali la maadili. Mtu mwenye uwezo wa kumsaidia mwenzake alikuwa amejifunga asimsaidie, na si mwenzake mmoja tu, bali kila mtu atakayewahi kuiomba nakala ile.

Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa tarakilishi ambao mtu yeyote angeweza kuusoma na kuubadilisha. Januari 1984 aliacha kazi MIT ili chuo kisije kudai umiliki wa kazi hiyo. Mwaka 1985 lilianzishwa shirika la Free Software Foundation. Falsafa yao inasimama juu ya uhuru wa aina nne, na kama ilivyo desturi ya watu wa tarakilishi, wanauhesabu kuanzia sifuri. Wa sifuri ni kuitumia programu kwa kazi yoyote unayotaka. Wa kwanza ni kuusoma msimbo na kuubadilisha ukufae. Wa pili ni kuwapa wengine nakala. Wa tatu ni kuwapa wengine nakala uliyoibadilisha wewe, ili nao wafaidi ulichorekebisha.

Hamjasikia neno bei mahali popote hapo. Kiingereza kimewatesa watu hawa kwa miaka mingi, kwa sababu neno lao free lina maana mbili, ya kutolipa na ya kutofungwa. Kila wakisimama kuhutubia huanza kwa kueleza ni ipi wanayokusudia. Sisi tumepona shida hiyo. Bure ni chakula cha matangani. Huru ni 1963. Tena bure yetu ina makali zaidi, maana husemwa pia kwamba mtu amehangaika bure, yaani amepata patupu. Tunaposema programu huru hatusemi programu ya bure. Stallman mwenyewe aliuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150. Kampuni ya Red Hat ilijijenga kwa programu huru, ikilipwa kwa huduma na matengenezo, na mwaka 2019 IBM ilikamilisha kuinunua kwa takriban dola bilioni 34. Upande wa pili, fungueni simu zenu. Zimejaa programu ambazo hamkulipia hata shilingi, na ambazo hazina hata chembe ya uhuru ninaouzungumzia.

Sasa kuna mtego. Nikikupa msimbo wangu uufanyie upendavyo, ni nini kitakuzuia usiuchukue, ukauongezea kitu kidogo, ukaufunga na kuniuzia tena? Jibu la Stallman lilikuwa la ujanja wa kisheria. Hakuitupa sheria ya hakimiliki, aliishika akaigeuza. Leseni yake ya GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, inasema hivi: chukua, soma, badilisha, uza ukitaka, lakini ukimpa mwingine lazima umpe na uhuru uleule uliopewa wewe, pamoja na msimbo.

Wakulima mliopo hapa mtanielewa upesi. Jirani akikuazima debe la mbegu za maharagwe, unapanda, unavuna, unakula, unauza. Lakini msimu ujao jirani mwingine akija kwako na debe tupu, huwezi kumfungia mlango, kwa maana nawe mbegu hukuzizaa. Hiyo ndiyo GPL. Wenye mawazo tofauti, kama wale wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, walitoa leseni nyepesi zaidi. Zao zinasema, kwa ufupi, taja jina letu halafu fanya utakalo, hata kufunga. Ndiyo maana ndani ya tarakilishi za Apple mna msimbo wenye asili ya Berkeley, na Apple haikulazimika kufungua kazi yake yote. Je, uhuru ni kumwachia mtu afanye lolote, hata kumfungia mwenzake, au uhuru una sharti la kutomnyima anayekuja nyuma? Ubishi huu una zaidi ya miaka 30 na sioni dalili ya kwisha. Mimi niko upande wa mbegu. Lakini nimekutana na watu wenye akili timamu walio upande wa pili, nao husema kwamba zawadi yenye masharti ni mkopo.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa tarakilishi, kwa kujifurahisha. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya GPL. GNU ilikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiini, na Torvalds alikuwa na kiini. Mchanganyiko huo ndio watu huuita Linux, jambo ambalo Stallman hulikataa kila anapopata nafasi. Yeye hutaka uitwe GNU/Linux. Sitawapotezea muda na hilo. Kila ukoo una mjomba anayelalamika kuwa jina lake halikutajwa kwenye kadi ya harusi, na mara nyingine huwa ana haki.

Mpasuko wenyewe hasa ulitokea Februari 1998. Mwezi uliotangulia kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari maarufu cha intaneti, ilikuwa imetangaza kwamba itautoa msimbo wake hadharani. Watu kadhaa walikutana Palo Alto, California, wakijiuliza jinsi ya kuwashawishi wenye makampuni wengine. Waliona kwamba ukimwambia mkurugenzi habari za uhuru na maadili, anaangalia saa. Mmoja wao, Christine Peterson, akapendekeza jina jipya, open source, yaani chanzo wazi. Eric Raymond na Bruce Perens wakaunda shirika la kulisimamia. Raymond alikuwa ameshaandika insha yake The Cathedral and the Bazaar, akifananisha namna mbili za kuandika programu: moja kama ujenzi wa kanisa kuu, na nyingine kama soko la wazi, kila mtu na kibanda chake, na bado soko likaenda. Hoja yao ilikuwa rahisi. Achana na mahubiri. Msimbo ukisomwa na macho mengi, makosa yanaonekana haraka, na programu inakuwa bora na nafuu.

Stallman alikataa, na hadi leo anakataa. Kwake yeye, ukisema programu wazi ni nzuri kwa sababu inafanya kazi vizuri, umeshakubali kwamba siku ile iliyofungwa itafanya kazi vizuri zaidi utaiacha ya wazi. Hata Perens, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha shirika lile, aliandika kwamba umefika wakati wa kuzungumza tena kuhusu uhuru, akajiondoa.

Mtu anaweza kudhani huu ni ugomvi wa majina, maana programu nyingi ni zilezile pande zote mbili. Nitoe mfano ulio mifukoni mwenu. Simu nyingi humu ukumbini ni za Android, na kiini cha Android ni Linux, ileile ya Torvalds, chini ya GPL. Msimbo wa kiini hicho uko wazi. Kwa kipimo cha watu wa 1998, huo ni ushindi mkubwa. Lakini jaribu kubadilisha kitu kwenye simu yako. Nyingi zimefungwa na mtengenezaji zisikubali mfumo mwingine. Na wale tuliochukua simu za mkopo, za kulipia kidogo kidogo kila siku, tunajua kwamba usipolipa simu inajifunga yenyewe. Sisemi mkopeshaji anakosea, anataka hela yake na mkataba tulitia sahihi. Nasema tu kwamba simu inamtii mtu mwingine kabla ya kukutii wewe, ilhali kiini chake kimeandikwa chini ya leseni iliyobuniwa kukupa wewe usukani.

Jambo hili liliwagonganisha wakubwa wenyewe. Kampuni ya TiVo nchini Marekani ilitengeneza kifaa cha kurekodi vipindi vya televisheni kwa kutumia Linux. Msimbo iliutoa kama leseni inavyotaka, lakini kifaa kilikataa kufanya kazi na msimbo uliobadilishwa. Stallman na wenzake wakaandika toleo la tatu la GPL, Juni 2007, kulizuia hilo. Torvalds akakataa kulitumia. Alisema anachodai yeye ni kurudishiwa maboresho ya msimbo, si kumwamuru mtu atengeneze kifaa chake namna gani. Linux iko chini ya toleo la pili hadi leo. Hapo mnaona kwamba tofauti si ya maneno. Mmoja anaulinda msimbo, mwingine anamlinda mtumiaji. Mkazi wa kaunti hii ni mtumiaji.

Hata hivyo nisiwauzie upande mmoja tu. Aprili 2014 ilifichuliwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu ya chanzo wazi inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti, zikiwemo nywila na nambari za kadi za benki. Kasoro ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka miwili, msimbo ukiwa wazi kwa dunia nzima kuusoma. Macho mengi yalikuwepo. Kila jicho lilidhani jingine linaangalia. Programu iliyotumiwa na makampuni tajiri kuliko nchi nyingi ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, wengi wao kwa kujitolea. Ni lile swali la Gates la mwaka 1976: nani atafanya kazi hii, na atakula nini? Kuwa na ruhusa ya kufungua pampu ni jambo moja. Kuwa na fundi aliyelipwa ni jingine. Mradi wa maji wa kijiji unaokosa mchango wa matengenezo mnaujua mwisho wake, hata kama spana zote zipo.

Serikali za mitaa nazo zimeonja pande zote mbili. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuondoka kwenye Windows, na kufikia 2013 lilikuwa limehamisha takriban tarakilishi 15,000 hadi kwenye mfumo wake wa Linux. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows, kukiwa na malalamiko ya wafanyakazi na ya nyaraka zisizosomana na za ofisi nyingine. Mwaka 2020 muungano mpya ukakubaliana kupendelea tena programu huru pale inapowezekana. Wapinzani wanaisoma Munich kama ushahidi kwamba mambo haya hayawezekani. Mimi naisoma kama mtu aliyekaa serikalini: teknolojia ilibadilika polepole kuliko siasa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha maktaba, na ndiyo sababu nilifurahi tulipopewa ukumbi huu. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ndogo ya Horowhenua, New Zealand, zilikuwa na mfumo wa kuazimisha vitabu ambao ungekwama ifikapo mwaka 2000, kwa ile shida ya tarehe iliyotisha dunia nzima. Hazikutaka kununua mfumo mwingine wa kufungwa nao. Ziliwalipa mafundi wa kampuni ya hapohapo nchini, Katipo, waandike mfumo mpya, ukaanza kazi Januari 2000. Kisha wakafanya jambo ambalo mhasibu wa kawaida angeliuliza mara mbili: waliutoa kwa dunia chini ya GPL. Wakauita Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, ile zawadi ambayo mpokeaji anatazamiwa naye kurudisha wema. Ni zile mbegu zangu za maharagwe, kwa lugha nyingine.

Na wema ulirudi. Mafundi wa nchi nyingine waliongeza vipengele, wengine wakatafsiri, na maktaba ile ndogo ikapata maboresho ambayo isingeweza kuyalipia peke yake. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vinatumia Koha leo. Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani ilipotaka jina Koha lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara huko New Zealand, maktaba ilipinga, watu kutoka nchi mbalimbali wakachanga fedha za mawakili, na mwishowe kampuni haikulipata jina. Angalieni vizuri palipotokea hatari. Msimbo haukuweza kuibwa, GPL iliulinda. Lililonyemelewa ni jina.

Hapa kwetu Kenya hatujawa watazamaji. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya huko na chuo kikuu cha Indiana, wakati kliniki za wanaoishi na virusi vya Ukimwi zilikuwa zimezidiwa na makaratasi. Baadaye KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, ilijengwa juu ya msingi huo. Wakenya hawakungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama kliniki zetu ni soko la kutosha.

Vivyo hivyo na lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakuomba kibali cha mtu, kwa sababu leseni ilikuwa imeshawapa. Microsoft nayo ilitoa menyu za Kiswahili baadaye, na tunashukuru, lakini huko ilibidi kampuni kwanza ikubali.

Sasa nije nyumbani, na hapa nitapima maneno yangu maana mimi ni mtumishi wa umma na sijatumwa na idara ya ununuzi. Siku hizi kaunti hazinunui tena programu ya kuweka kwenye mashine zao kama zamani. Zinakodi huduma, programu inakaa kwenye seva ya mtu mwingine, na takwimu za wakazi zinakaa hukohuko. Neno seva wengi wetu tulilijua mwaka 2017 wakati wa kesi ya uchaguzi wa rais, na hapo siendi. Lakini somo lilibaki: kinachoamuliwa ndani ya mashine usiyoweza kuichungulia hutatuliwa kwa imani au kwa mahakama. Watu wa programu huru waliliona hili pia. Kwa kuwa programu ya kukodi haikabidhiwi kwako, sharti la GPL la kukupa msimbo halikuwa likiigusa, ndiyo maana mwaka huohuo wa 2007 wakatoa leseni nyingine, AGPL, inayomtaka aliyebadilisha programu na kuitoa kama huduma ya mtandaoni awape watumiaji wake msimbo.

Je, ningependa kila ofisi ya kaunti ihamie Linux kesho? Hapana. Nimeona karani akihangaika wiki nzima kwa sababu menyu imehama kutoka kushoto kwenda kulia, na foleni nje ya dirisha lake haikuhama. Ninachotaka ni kwamba mfumo wowote wa kaunti, wa wazi au wa kufungwa, uwe unaweza kutoa rekodi zetu zote kwa mtindo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, na ijulikane kabla ya sahihi kutiwa nani atautengeneza siku muuzaji akiondoka. Na pale kaunti inapolipa kuandikiwa programu mpya kutoka mwanzo, kwa kodi ya mama mboga na mwendesha bodaboda, sioni kwa nini msimbo usibaki mali ya umma, kaunti jirani iuchukue na kuuboresha badala ya kulipia upya kitu kilekile.

Nyinyi mna njia ya kuyauliza haya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti hufanyika kila mwaka, na wengi wetu huenda kuuliza kuhusu barabara, zahanati na basari. Ulizeni hayo, ni muhimu. Lakini ukiona kwenye kitabu cha bajeti kifungu cha mfumo wa kidijitali, simama pia uulize leseni ni ya aina gani, inaisha lini, na ikiisha rekodi za hospitali zetu zitafunguka au zitabaki majina kwenye kioo. Afisa atakayejibu huenda akakosa jibu siku hiyo. Mwambie utangoja kikao kijacho.

Naona mkutubi ananionyesha saa, na vijana wa chuo cha ufundi wameahidi kutuonyesha jinsi Koha inavyofanya kazi kwenye tarakilishi ile ya kona. Kabla hawajaanza tuna dakika kumi za maswali. Kipaza sauti kiko upande wa dirisha. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mbegu, tuanze na yeye.